Masisi Nzima Ilisikia

Thacienne aliingia sokoni Masisi na radio mgongoni. Alikuwa ameifunga kwa kikwembe cha maua ya buluu, fundo kifuani, jinsi mama anavyombeba mtoto mwenye homa, na wauza maharagwe kwa wauza mihogo wakampisha njia huku wakicheka. Ilikuwa siku ya soko, mwaka wa hamsini na saba, watu wamejaa hadi barabarani. Kwenye baraza ya duka kubwa Evode alikuwa ameinamia gramafoni ya mtu, bisibisi mdomoni, uso umekunjamana. Hasira ile haikuwa ya siku ile. Evode alikuwa na hasira ya kila siku, kama wengine walivyo na kikohozi.

"Jambo, kaka fundi. Mugonjwa njo huyu."

"Jambo, dada. Anaumwa wapi?"

"Sauti. Papa anasema koo imekauka."

Evode akafungua mgongo wa radio, akachungulia, akatoa pili, betri ile kubwa yenye uzito wa tofali. Ilikuwa imevimba na inatoka maji.

"Nani alipika hii pili?"

"Hatukupika! Mama aliiweka tu juu ya jiko, pale tunakausha mahindi. Pili ikichoka unaipasha moto, inapata nguvu. Batu bote ba kilima yetu ya Burungu banafanya vile."

"Kuipasha kidogo, sawa. Hii ilikaa siku ngapi?"

"Juma mbili."

"Juma mbili! Dada, hii haiko pili tena. Iko mboga."

Thacienne akacheka hadi akashika meza. Alikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kitambaa cha njano kichwani, na pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Evode akajikuta anasugua mahali pasipo na uchafu.

"Sasa nikuulize kintu, kaka," alisema. "Ile sauti inatoka mbali kule Léopoldville. Milima yetu hii yote, inapita wapi?"

Evode akainua kichwa polepole. Miaka sita alikuwa fundi. Kazi aliifundishwa kule Walikale, kwenye machimbo, na aliporudi aliamini kwamba siku radio itakapofika vijijini watu watakesha wakiuliza swali hilo hilo. Miaka sita, hakuna aliyeuliza. Walichouliza ni kama inaweza kulia zaidi, ili jirani asikie.

"Inapita juu," alisema, akaweka bisibisi chini. "Inapanda mpaka juu kabisa, inagonga hewa ya kule, inarudi chini. Kaa hapo, nikuchoree."

Ndivyo yalivyoanza. Kila siku ya soko Thacienne alishuka na neno: mara kifungo kimelegea, mara waya umekatika. Siku ya nne alikuja bila radio.

"Leo mugonjwa iko wapi?" Evode akauliza.

"Alipona. Mimi njo naumwa."

Basi hapo fundi akashikwa. Lakini ulimi wa Evode, ndugu zangu, haukujua mapumziko. Alizipenda mashine kuliko ndugu, na kwa sababu hiyo hakuwasamehe watu. Angalia, alisema, yule ana baiskeli lakini anaisukuma mlima na mteremko, bado imevishwa karatasi za dukani. Huyu ana saa ya mkono, na bado anatazama jua. Wale wa Cercle, chama cha makarani waliokuwa wakikutana kila Jumapili kujifunza kuwa watu wa kisasa, ndio waliomchefua zaidi. Mkuu wao alikuwa Théogène, karani mwenye suruali ya mstari wa pasi na kamera ya kuning'inia kifuani.

"Muntu wa kisasa lazima awe na loisir," Théogène aliwahubiria siku moja, Evode na Thacienne wakiwa wamesimama mlangoni. "Kazi ya kupumzisha roho. Mimi napiga picha. Huyu anakusanya timbri za barua. Na weye, fundi, loisir yako nini?"

"Kutengeneza bintu munaharibu."

Watu wakacheka, Théogène hakucheka.

"Mnajiita wa kisasa," Evode akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemsimamisha. "Muzungu anakuja kuhesabu uma na vijiko ndani ya nyumba zenu, mukishinda anawapa karte ya muntu mustaarabu. Muko na uma sita na sahani mbili! Na ile kamera, nani alishafungua ajue ndani kuko nini? Na zile salamu za radio ndio zimezidi. Muntu anaandika barua ili sanduku limutaje jina. Juu ya nini? Juu kwake nyumbani hakuna mwenye anamuita!"

Alipogeuka alikuta Thacienne ameshashika njia. Barua za salamu za nusu ya Burungu ni yeye aliyeziandika, maana alisoma kwa masista na mwandiko wake ulikuwa safi. Kila Jumapili saa tisa za mchana radio ilisoma, fulani wa mahali fulani anamsalimu fulani, kisha sahani ya muziki, na huko mlimani bibi kizee aliyetajwa alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Mama Athanasie alipoteza mutoto kule Hombo, miaka tano hawaonane," Thacienne alisema wakirudi. "Siku radio ilisoma salamu ya mutoto, alijua ni muzima. Ile nayo unaicheka?"

"Sikumusema Mama Athanasie."

"Ulisema bote." Kisha akatabasamu, kwa kuwa alimpenda, na mapenzi yana ujinga wake. "Siku moja utasikia jina yako, chéri. Nitaangalia kama utacheka."

"Siku ile nitajua Masisi yote imekosa kazi."

Mdomo huponza kichwa. Wahenga hawakukosea.

Kabla ya mavuno ya maharagwe Evode akaitwa Mpofi, huko Walikale, kutengeneza mashine ya shamba moja la kahawa. Alimuaga Thacienne barabarani, karibu na lori lililokuwa linanguruma.

"Majuma sita," alisema. "Nikirudi nataka kuongea na Papa yako."

"Unataka, ao utakuja?"

"Nataka kuja."

"Mmh. Fundi, weye na maneno yako ya waya mingi. Panda lori."

Huko Mpofi, radio ya Evode ilikuwa ndiyo radio nzima pekee. Jioni aliwafungulia watu habari, wakakaa chini, akawaeleza. Lakini Jumapili ikifika saa tisa, alichomoa pili na kuiweka mfukoni. Wafanyakazi wakaomba, "Papa Evode, salamu tu, kidogo!" Akakataa. Pili iko ya habari, haiko ya kuitana majina. Na akiwa amelala kitandani mchana ule, pili mfukoni, alinung'unika peke yake kwamba juma la nne linaisha na Thacienne hajamwandikia hata mstari mmoja.

Ni dereva wa lori, Nzabandora, aliyemwambia. Alishuka Mpofi siku ya Jumatatu, akamtazama Evode kutoka miguuni hadi kichwani, akatema mate.

"Weye ni muntu gani? Binti ya Sebarenzi, Thacienne wako, anakuita mbele ya dunia yote, unanyamaza?"

"Aliniita wapi?"

"Wapi! Kwa radio! Yenga tatu sasa, Jumapili tatu zimepita! 'Thacienne wa Burungu anasalimu Evode fundi wa radio, anamwambia: mulango iko wazi, Papa anangojea.' Masisi nzima ilisikia. Hata kipofu wa kanisani ananiuliza kama ulishapeleka chungu."

Evode akakaa chini kwenye tope. Alijua maana yake. Kwa wakulima wale wa Burungu, binti akitajwa mbele ya watu pamoja na jina la kijana, wazee wa kijana hungojwa Jumapili mbili, waje na chungu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Wasipofika, maana yake kijana amesikia na amekataa. Jumapili zilikwisha pita tatu.

Alipanda lori lile lile, juu ya magunia ya kahawa.

Nyumbani kwa Sebarenzi hakukaribishwa kiti. Mzee, mtu mrefu wa maneno machache, aliendelea kupepeta maharagwe yake.

"Jambo, Papa."

"Jambo. Watu wa Théogène walishapiga hodi kuposa. Nimewaambia warudi, si Jumapili hii, ile inayofuata. Ongea na binti. Ongea upesi."

Thacienne alikuwa nyuma ya nyumba, kitambaa cha njano hakipo kichwani.

"Ulisikia, ukanyamaza," alisema.

"Sikusikia."

"Weye! Fundi wa radio!"

"Haki ya Mungu, sikusikia."

"Radio iliharibika?"

"Ilikuwa nzima."

"Pili iliisha?"

Hapo Evode angeweza kusema ndiyo, na hadithi ingekuwa fupi. Alikuwa mkali wa ulimi, lakini mwongo hakuwa.

"Pili ilikuwa mupya. Niliichomoa. Kila Jumapili, saa tisa. Sikutaka kusikia salamu."

Thacienne alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe.

"Afazali ungenidanganya, Evode. Niliandika ile barua mara nane. Nilisema, yeye anapenda radio kuliko kila kintu, basi nimupe roho yangu kwa radio. Na weye uliitia mufukoni! Kisimani bananiimbia. Wanasema, Thacienne alipiga hodi kwa nyumba ya mwanaume, mwanaume akazima taa."

"Nisamehe, mupenzi. Niambie nifanye nini."

"Nilikuita mbele ya watu wote. Nijibu mbele ya watu wote."

Jioni ile ile Evode aliandika barua kwa radio. Yeye! Aliandika, "Evode fundi anasalimu Thacienne wa Burungu, anamwambia: mimi ni mjinga, nimesikia, ninakuja." Akaipeleka posta kwa miguu. Akanunua pili mpya, akaifunga kwenye radio ya Sebarenzi, akasafisha kila waya, akapandisha antena juu ya mti wa avoka. Haikuwahi kusikika vizuri hivyo tangu izaliwe.

Jumapili ya kwanza uwanja ulijaa majirani. Majina yakasomwa, ya Bukavu, ya Stanleyville, ya watu wasiojulikana hata na mama zao. La Evode halikusomwa. Jumapili ya pili wakaja zaidi, na Thacienne akakaa mbele kabisa, mikono mapajani. Evode alisimama nyuma ya radio akiishika kama mtu anayemshika ng'ombe asitoroke. Alijua kila waya wa lile sanduku, kila taa iliyowaka ndani, na hakuwa na uwezo wa kulifanya liseme maneno kumi na mawili. Barua ya mwisho ikasomwa. Muziki ukapigwa. La Evode halikutajwa.

"Basi," Sebarenzi akasema, akiinuka.

Huko chini njiani watu walikuwa wanapanda, Théogène mbele na kamera yake, na nyuma yake wanawake wawili na chungu kichwani.

Evode akachomoa pili. Hata yeye hakujua kwa nini; mkono ulikuwa na mazoea.

"Mimi Evode," alisema, akaiweka pili chini. "Mimi Evode fundi nasalimu Thacienne wa Burungu. Mimi ni mujinga. Nilikuwa nawacheka juu munapenda kuitwa jina. Nilijisemea mimi sina haja ya kuitwa. Ilikuwa uongo. Nimesikia, Thacienne. Niko nakuja. Nilishafika."

Watu wakamgeukia Thacienne. Yeye akajikuna shingo, taratibu.

"Mama Athanasie alikuwa anakohoa," alisema. "Hakusikia."

Evode akarudia, kwa sauti zaidi.

"Na Papa Mbonigaba, yuko kule kilima ya ng'ambo. Yeye alisikia salamu yangu. Yako hajaisikia."

Kila mtu pale alijua anachotaka. Tangu zamani Burungu, mtu akifa, mtoto akizaliwa, ng'ombe akipotea, mtu husimama ukingoni mwa kilima, huweka mikono mdomoni na kuita bonde zima, na kilima cha pili hupokea na kupeleka mbele. Evode hakuwahi kufanya hivyo tangu utoto. Aliona ni ushamba. Akaenda ukingoni na viatu vyake vya mjini, Théogène akiwa amefika na amesimama na mdomo wazi, akaweka mikono mdomoni, akaita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Eeeeh Papa Mbonigabaaa! Mimi Evodeee! Nampenda Thaciennee! Namwomba anikubaliii!"

Mwangwi ukavuka bonde. Kisha, ndogo lakini wazi, sauti ya mzee ikavuka kutoka ng'ambo:

"Tumesikiaaa! Ulichelewa sana, mujinga weweee!"

Burungu yote ikaangua kicheko. Thacienne alikuwa analia na kucheka pamoja, pengo lake la meno liko nje. Akamshika Evode mkono mbele ya baba yake, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa umeita. Nimeitika." Sebarenzi akakohoa, akamwendea Théogène na kumwomba radhi kwa heshima yote, na wanawake wakarudi njiani na chungu chao. Théogène, tumpe haki yake, hakupiga picha.

Wazee wa Evode walileta kasiksi juma lililofuata. Na barua? Ilisomwa, ndiyo, miezi miwili baadaye, wakiwa wameshaoana, Jumapili saa tisa kamili, maneno yote kumi na mawili. Lakini siku ile pili ilikuwa imechoka, na Thacienne alikuwa amemwomba mume wake ruhusa ya kuiweka juu ya jiko, siku moja tu, ipate nguvu. Mbonigaba ndiye aliyewapigia kelele kutoka ng'ambo kwamba Evode amesomwa. Masisi nzima ilikuwa imesikia, isipokuwa nyumba ya fundi wa radio.