Pumzi ya Injini

Jumanne hiyo ziwa lilikuwa shwari. Akina mama ufuoni Dunga walikuwa wameshaanza kukaanga samaki Mzee Wechuli alipofika na boti yake kumtafuta Rachael, fundi wa injini kutoka Obunga.

Rachael aliijua injini hiyo, na aliichukia. Miezi mitatu nyuma ilizima katikati ya ziwa dhoruba ikija, na kaka yake Calvince, aliyekuwa akiiendesha, akazama. Siku ya mazishi Wechuli alitoka kwake Milimani, mtaa wa matajiri, akasimama mbele ya mama yao na kusema, "Kijana alikuwa amelewa."

Calvince hakuwahi kuonja pombe.

"Fundi," Wechuli alisema sasa, bila hata salamu, "inawaka vizuri, lakini ukiongeza moto inakata. Waendeshaji wote wamenikimbia."

Rachael alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kujua kilichomuua kaka yake.

Plagi zilikuwa safi. Karabureta safi. Kichujio hakikuwa na tone la maji. Akaunganisha tangi lake mwenyewe, injini ikanguruma hadi boti ikataka kukata kamba. Akarudisha tangi la Wechuli. Kwenye moto mdogo injini ilitulia, lakini alipoongeza ikakohoa, na ile pampu ya mpira, ya kuminya kwa mkono kwenye bomba la mafuta, ikanywea kiganjani mwake. Bapa kabisa.

"Inanyimwa mafuta," alisema. "Ubaya uko kwenye tangi."

"Basi wacha. Nitaleta tangi lingine." Wechuli alisema hivyo haraka mno.

Rachael alishalifungua. Akachomoa bomba la kunyonyea petroli. Mdomo wa bomba hilo ulikuwa umevikwa kitambaa cheusi, kimefungwa mafundo saba. Ndani ya kitambaa, nywele. Ndani ya nywele, karatasi yenye jina kwa penseli.

Calvince Ooko.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba.

"Ulimweka humu."

"Punguza sauti, Fundi."

"Ulimweka humu, Wechuli! Halafu ukamwita mlevi mbele ya mama yake!"

"Mganga alisema mmoja tu," alinong'ona. "Mmoja tu, na nyavu hazitarudi tupu."

Rachael alimkamata kola akamtikisa. Alitaka kumtumbukiza ziwani, na angemtumbukiza, kama si kile alichokiona sakafuni mwa boti.

Injini ilikuwa imezimwa. Bomba lilikuwa limechomolewa. Lakini ile pampu ilikuwa inajaa.

Ikajaa. Ikanywea. Ikajaa. Kama kifua cha mtu.

Hakuna mkono ulioigusa. Jua lilikuwa utosini. Akina mama waliacha kugeuza samaki.

Ikanywea tena. Haikujaa.

Wechuli akashika koo. Midomo ikawa ya kijivu. Akaanguka.

Hakufa. Akitembea polepole utadhani ni mzima, lakini akiharakisha hatua tatu pumzi inakata. Hospitali wamempiga picha za kifua, hawaoni kitu.

Jumapili iliyofuata Rachael aliipeleka ile karatasi kanisani, akaisoma mbele ya wote, jina lote la kaka yake, na mama yao akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hasira haikupoa. Watu walipomwambia amsamehe mzee, alitoka nje.

Ndipo Debra, mke wa Wechuli, alipoanza kuja Obunga.

"Wewe ni fundi," alinong'ona. "Njoo tu uone."

Rachael alikataa mara mbili. Mara ya tatu alienda, ili amcheke.

Wechuli alikuwa amekaa kitini, saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa. Debra alimpandisha shati.

Juu ya pafu la kushoto palikuwa na alama ya kiganja cha mtu. Vidole vitano, vyeusi, vya grisi.

"Ilitokea baada ya hospitali. Nimesugua kwa sabuni. Nimesugua kwa mafuta ya taa."

Rachael aliigusa. Grisi ilikuwa mbichi. Ilikuwa na joto. Alisahau kabisa kucheka.

"Wiki jana," Debra alisema kwa sauti isiyosikika vizuri, "hivi vidole vilikuwa vimenyooka. Angalia sasa. Vinajikunja, kama vinaminya."