Bahari Haidumu Hadi Parklands

Sahani ya fedha ilikuwa tupu. Taa ya samli ilikuwa bado inawaka mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa mali, lakini bangili, mkufu na vipuli vya Mama Prabha havikuwepo. Mlango haukuvunjwa, wala kabati halikupekuliwa. Mwizi aliingia, akachukua, akaenda zake.

Inspekta Naliaka aliizunguka sebule ya ghorofa hiyo ya Parklands bila kugusa kitu. Konstebo Kiragu alikuwa ameshachukua alama za vidole: zote za watu wa nyumbani. Alikuwa pia ameshamtia mtu pingu. Kiragu alikuwa kijana mwepesi wa pingu.

Mjane Prabha, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, aliketi wima kitini.

"Macho yangu haioni vizuri, lakini pua ni mzima," alisema. "Nililala kidogo kabla ya chakula, kama kila siku. Nikaamshwa na harufu ya bahari. Bahari kabisa, kama mtu amefungua dirisha kule Mombasa."

"Bahari?"

"Ile Mawimbi ya Jamleck, mimi najua toka kwa chupa. Nikamwita. Hakujibu."

Mawimbi yalikuwa manukato ya kiume aliyochanganya Bhavesh, mwanawe mkubwa, nyuma ya duka lao la Biashara Street: bahari na mti wa mwerezi, kwa bei ya mtu wa kawaida. Makarani na madereva waliyanunua wakaingia kanisani Jumapili wakinukia kama wakurugenzi. Jamleck, muuzaji wa dukani, alijipaka kila siku. Na kila adhuhuri ndiye aliyekuja Parklands kumchukulia Bhavesh makopo yake ya chakula.

Lakini dhahabu ile hukaa benki. Hutolewa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Diwali ikikaribia, iwekwe mbele ya Lakshmi. Naliaka aliuliza nani alijua kwamba imeletwa. Mama Prabha alitaja wanawe wawili, Bhavesh na Mahesh, na Vaishali, mke wa Bhavesh. Basi.

Huko seli, Jamleck alijibu kila swali bila kukwepa.

"Uliingia kwa Mama jana au leo?"

"Leo, Madam. Kila siku naingia. Nilipata Mama amelala, nikachukua chakula ya mdosi, nikaenda."

"Ulijua dhahabu iko pale?"

"Dhahabu gani? Mimi hiyo kitu sijawahi ona."

Naliaka alisogea karibu. Jasho, vumbi, na chini yake harufu ya mbao zilizotoka kupigwa randa. Bahari hakuisikia. Pengine seli imeimeza, alijiambia, lakini jambo hilo likamkaa kichwani.

Nje, kwenye benchi, alikuwepo msichana aitwaye Waithera, macho mekundu. Jumamosi hiyo wazee wa Jamleck walikuwa waende kwao Wangige kupeleka mahari.

"Baba amesikia," alisema. "Amesema mwizi asikanyage kwake. Na kesho saa nane wanampeleka kotini. Akishasomewa mashtaka, Baba harudi nyuma."

Naliaka hakumwahidi kitu. Lakini moyo ulimuuma, na hilo tusifiche.

Asubuhi alikwenda Biashara Street. Bhavesh, mtu mnene wa sauti ya chini, alimpulizia Mawimbi kwenye kifundo cha mkono. Bahari ilimrukia puani, chumvi na upepo. Bhavesh alisema hajui aamini nini. Baada ya Diwali alikusudia kumkabidhi Jamleck tawi jipya la Kilimani. Aliposema hivyo, mdogo wake Mahesh, aliyesimama nyuma ya kabati la manukato ya ng'ambo, akageuka kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. Adhuhuri ya jana, Mahesh alieleza, alikuwa amempelekea mteja mzigo Westlands. Bhavesh na Vaishali hawakutoka dukani.

Msongamano wa magari uliwashika, yeye na Kiragu, wakirudi kituoni. Walipofika Museum Hill, Naliaka aliinua mkono akanusa kifundo chake. Akanusa tena. Kisha akacheka peke yake, hata Kiragu akapunguza mwendo.

"Kuna nini, Madam?"

"Bahari imeisha, Kiragu. Umebaki mti mtupu. Wapigie simu hao watu wote wakutane nasi kwa mama yao."

Waliketi sebuleni. Naliaka aliuliza swali moja tu: ikifika adhuhuri, Jamleck hunukia nini?

"Mti," alisema Vaishali. "Kama seremala."

"Bahari hutangulia, lakini haikai," alisema Bhavesh. "Ndiyo maana ni ya bei nafuu."

"Bahari," alisema Mahesh. "Kutwa nzima ananuka hiyo bahari yake."

"Wewe hujipaka Mawimbi?"

"Mimi? Hiyo ni ya makarani."

"Basi unaijua ya kaunta tu, mteja anapopuliziwa. Hujawahi kukaa nayo." Naliaka alimnyooshea kifundo. "Jamleck hujipaka alfajiri, kwake Kangemi. Aliyeingia hapa jana alijipulizia mlangoni, ili mama asiyeona adhani ni Jamleck."

Mahesh alinusa. Rangi ikamtoka usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mzazi hapendi kuambiwa hivyo kuhusu mwanawe.

"Mahesh," alisema Mama Prabha. "Dhahabu iko wapi?"

"Kwa debe la mchele, Mama."

Vaishali alikwenda jikoni. Alirudi na kitambaa chekundu, mchele ukimdondoka mikononi.

"Nikuibie wewe?" Mahesh alikuwa analia. "Ningeirudisha. Sikutaka dhahabu, nilitaka lile duka la Kilimani. Mimi ni damu ya Bhavesh, na anampa mtu wa nje."

"Wateja wanakukimbia," alisema Bhavesh polepole. "Unawadharau. Huyo mtu wa nje anawaita kwa majina yao."

Kiragu alimtia Mahesh pingu, safari hii bila haraka. Mama Prabha hakumwombea. Aliomba apelekwe kituoni.

Haikuwa imefika saa nane Jamleck alipotoka seli, mkanda mkononi, Waithera amemshika shati utadhani atachukuliwa tena.

Mama Prabha alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Jamleck.

"Nilikukosea, mtoto wangu. Baba wa huyu msichana yuko wapi? Mimi ndiye nilikuita mwizi. Mimi ndiye nitamwambia si kweli."

Bhavesh alifungua mlango wa gari. Mama Prabha alikusanya sari yake akaingia, akamvuta Jamleck akae kando yake, akanusa.

"Leo hunukii kitu."

"Jumamosi, Mama," alisema Jamleck, "nitajipaka nikiwa mlangoni kwao."

Mama Prabha alicheka hadi machozi, na gari likashika njia ya Wangige.