Mwezi wa Nassibu

"Dada, hiyo kamera unauza?"

Soko la Tandika lilikuwa limefurika watu wanaonunua tende na tambi za Ramadhani. Mauwa, ndani ya dera la zambarau, akaikumbatia kamera. "Siuzi. Ya marehemu kaka yangu, Nassibu. Natafuta fundi, haiwaki."

Aliyeuliza, Twalib, mpiga picha za harusi wa Chang'ombe, akaibadilisha betri. Ikawaka. Kwenye kioo kukatokea mstari mweupe uliotetemeka.

"Hii nini?"

"Mwezi. Mama macho yamefifia, hauoni. Kaka alikuwaga anaupiga picha kila mwezi wa Idi unapoandama, anamwonyesha kwa karibu."

"Mkono ulikuwa unamtetemeka!"

Mauwa hakucheka. "Mwaka huu sijui nani atamwonyesha."

"Nipo mie."

Ikawa kila baada ya futari simu ya Twalib inaita, ni Mauwa.

"Umefuturu nini, mpenzi?"

"Sauti yako."

"Muongo! Utakufa njaa."

Jioni ya kuandama, Twalib alipanda juu ya paa la zege la nyumba ya kina Mauwa, Chamazi. Magharibi kulikuwa na wingu zito, na mwezi ule haukai. Unalifuata jua kuzama.

"Nishikie nifunge stendi," alisema, akampa kamera.

Mauwa akabonyeza, apate kuiona picha ya mwisho ya kaka yake. Kioo kitupu. Akabonyeza tena. Kitupu.

"Twalib, picha za kaka ziko wapi?"

"Subiri, wingu linafunguka..."

"Umezifuta!"

"Nipe kamera, Mauwa, unazama!"

"Nilikukataza usifute hata moja!"

Twalib akampokonya. Mwezi ukachungulia, mwembamba kama ukucha. Twalib akabonyeza, na Mauwa akamvuta kiwiko papo hapo. Wingu likafunga.

Kutoka uani sauti ya mama ikapanda: "Mauwa, umeandama?"

Twalib akatoa mfukoni leso iliyokunjwa, ndani yake memori kadi. "Yake ilijaa. Sikuthubutu kufuta kitu cha marehemu, nikaweka yangu."

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Walisubiri mpaka giza likaingia. Mbingu haikufunguka. Ilibaki picha ile moja, mwezi umeburuzwa kama chaki iliyopitiwa na mkono wa shati. Mauwa aliitazama sana. Kisha akaichomeka kadi ya Nassibu, akaanza kurudi nyuma: mwaka jana, mstari. Mwaka juzi, mstari.

"Nilikuwaga namvuta kaka hivi hivi," alisema. "Nataka niuone mie kwanza."

Walishuka. Mama akaileta kamera karibu na jicho.

"Ndio wenyewe," akasema. "Mauwa, bado tu hujaacha kuvuta watu?"

Twalib akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Mwakani naomba nipande huko juu nikiwa mkweo."

"Marahaba. Mwakani mbali, baba. Walete wazee wako Idi pili."

Mauwa alikuwa amekishika tena kile kiwiko cha Twalib. Hakukiachia.