Chai Unywe, Nyumba Ukague

Janat na mumewe, Abdimajid, huuza nguo mjini Kisii. Waliishi ghorofa ya nne, wala hawakuona shida, mpaka Dahabo, mamake Janat, alipovunjika mguu. Angekuja Ijumaa kuuguzwa kwao. Ngazi zile angezipandaje? Wakatafuta nyumba ya chini, karibu na soko, yenye fanicha tayari.

Mwenye nyumba, Mama Nyanchera, aliwapokea kwa chai na ndizi mbivu. Janat alikaa kwa adabu. Alisifu makochi, akasifu mapazia, hakugusa kitu. Kwao, mgeni anayefunguafungua makabati ya watu hana haya. Basi wakanywa chai, wakapokea ufunguo, wakaenda zao wakifurahi.

Siku ya kuhamia, Janat aliingia jikoni kupika. Palinuka kidogo. Labda ni takataka za mpangaji wa zamani, alidhani. Akachukua kiberiti.

"Dada, usiwashe." Ilikuwa sauti ya Phanice, jirani aliyekuja kuwasalimia. "Hiyo ni gesi. Fungua madirisha. Swichi ya taa usiguse."

Phanice alifunga mtungi. Harufu ilipoisha kabisa, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, akafungua mtungi kidogo. Mapovu yakafura mahali palipopasuka. Akafunga tena.

"Mlikagua nyumba kabla ya kuichukua?" Phanice aliuliza.

"Ningekaguaje na nimeandaliwa chai?"

Phanice alicheka. "Chai unakunywa, halafu unakagua. Wewe si mgeni hapa, ni mpangaji. Fungua mifereji, jaribu taa, kitanda nacho ukilalie. Fanya hivyo mwenye nyumba akiwepo, ili shida mwione pamoja. Pigeni picha pia, msije mkalaumiana siku ya kuhama."

Janat alimwita Mama Nyanchera, huku akiogopa kuonekana mgomvi.

"Sasa mbona hamkusema mnataka kukagua?" Mama Nyanchera alisikitika. "Mlisifu kila kitu, mimi nikajua mmeridhika."

Siku hiyo hiyo alileta mpira mpya. Wakazunguka vyumba vyote pamoja, Abdimajid akipiga picha. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimelegea mguu mmoja. Fundi akakikaza.

Ijumaa Dahabo alifika na magongo yake, akaingia mwenyewe bila kubebwa. Alijilaza, akageuka huku na huku.

"Hapa nitapona," alisema.

Jioni Janat aliwasha jiko, mamake akiwa amelala chumba cha pili. Moto ulikuwa mdogo, wa bluu, na ulikaa mahali pake.