Punguza, Baba

Jua lilikuwa linaaga wakati Dereva alipoingia kwenye yadi ya mwisho ya vyuma chakavu. Pikapu aliyoazima kwa fundi wake ilikuwa inalalamika kwa uzito, maana nyuma, imefungwa kamba kama mbuzi wa mnada, ililala injini ya lori lake. Bloku ilikuwa imepasuka. Hata fundi mwenyewe, ambaye watu walimwita Daktari kwa kuwa hakukubali kushindwa, alikuwa ameinua mikono.

"Chagua, mzee wangu," Daktari alimwambia mchana ule. "Ya kisasa ipo. Ina nguvu, haili dizeli, spea kila duka. Ila ni pana. Itabidi nikate sakafu ya kabini na kile kiti cha abiria king'oke."

"Kiti hakiguswi."

"Lakini mzee, kinakaa kitupu mwaka mzima..."

"Nimesema hakiguswi, Daktari. Au lugha imebadilika?"

Gereji nzima ilijua habari za kiti kile. Wake wa madereva wengine waliwasubiri waume zao nyumbani. Mke wa Dereva alisema nyumba yake ni kabini, akafunga kibwebwe na kupanda. Walizeeka pamoja humo. Kona ikikaribia, alikuwa akigonga dashibodi kwa kidole na kusema, "Punguza, baba. Tutafika tu." Homa ikamchukua msimu wa mvua uliopita. Kitambaa alichofuma kilibaki pale pale juu ya kiti, na Dereva akawa anaendesha kimya, safari baada ya safari. Upweke haukumtoa machozi. Ulimtafuna tu, kama mchwa kwenye mlango.

Ndiyo maana alitaka injini ya kizamani, inayoingia palepale ilipotoka nyingine. Yadi zote alizozijua zilitikisa vichwa. Hii ya mwisho hakuwahi kuiona, ingawa alikuwa amepita barabara ile maisha yake yote.

Mwenye yadi alikuwa mtu mwembamba mwenye mikono misafi.

Misafi mno. Muuza vyuma gani ana kucha nyeupe? Wala hakunuka oili. Alinuka udongo uliolowa, udongo wa chini, ule unaotoka koleo likishazama sana.

"Nimekuwekea," alisema, kabla Dereva hajafungua mdomo.

Injini ilikuwa kwenye magogo mawili, peke yake, nyuma ya milango iliyong'olewa. Mwenye yadi akainama, akashika kitu, na injini ikawaka mara moja.

Sasa, dereva wa zamani hanunui injini kwa macho. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini sikioni, anasikiliza. Beringi iliyochoka haiwezi kumdanganya. Dereva akafanya hivyo. Akafumba macho.

Valvu... nzuri. Oili inazunguka... vizuri. Halafu, chini ya hayo yote, mbali, kama mtu anayesema ndani ya kisima...

"Punguza, baba."

Bisibisi ikamponyoka. Akaiokota, akaiweka tena.

"Punguza, baba. Tutafika tu."

Alilia, mzee mzima, kifua juu ya chuma cha moto. Alipotaka kuuliza bei, mwenye yadi alikuwa ameshatikisa kichwa. "Sihitaji hela. Niachie hiyo uliyokuja nayo."

Nani angekataa? Wakaishusha injini mfu kwa mnyororo. Ilipogusa ardhi, kitu kililia ndani yake. Kidogo tu. Dereva akadhani ni mnyororo.

"Na hii yako," mwenye yadi akanong'ona, "umeisikiliza?"

Dereva akacheka. "Injini iliyokufa inasikilizwa nini, ndugu yangu?"

Mwenye yadi hakucheka. Ilikuwa wakati wa kufunga mzigo ndipo Dereva alipoona bomba la dizeli la injini ile mpya linaning'inia. Halikuunganishwa popote. Lilikuwa kavu kabisa.

Aliona, lakini hakutaka kuona.

Daktari aliifunga akiguna. "Mzee, hii haina joto la kawaida. Nimeizima, bado inapumua." Dereva akamwambia aache uchawi, afunge nati. Jioni iliyofuata akaingia barabarani na mzigo wa mbao. Kona ya kwanza ilipokaribia, springi za kiti cha abiria zikalia taratibu, kama mtu anapoketi. Kitambaa kikabonyea. Dashibodi ikagongwa.

Ngo. Ngo.

"Punguza, baba. Tutafika tu."

Akapunguza. Moyo wake ulijaa furaha hata akaona aibu. Wiki ile aliimba akiendesha, akanunua chai vikombe viwili, kimoja akakiacha kipoe juu ya dashibodi. Hakuwahi kujibu, maana aliogopa kuifukuza sauti. Lakini mtu aliyekaa na njaa ya maneno hawezi kujizuia daima. Magharibi moja, kwenye kona ya mteremko, sauti ilipokuja, alisema polepole, "Ninapunguza, mama."

Injini ikakatika mlio.

Lori liliendelea kuteremka bila sauti yoyote. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa kabini.

"Wewe siye," sauti ikasema. Safari hii ilikuwa karibu, pembeni ya shavu lake. "Mume wangu yuko wapi?"

Hapo ndipo akaisikia kwa mara ya kwanza, hasa akaisikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine. Ni maneno tu yaliyofanana. Mke gani wa dereva hasemi punguza?

Na mke wake mwenyewe, aliyesafiri maisha yake yote juu ya injini ile nyingine...

Kile kilio. Hakikuwa cha mnyororo.

Injini ilipowaka tena yenyewe, aligeuza lori, akarudi mbio kwenye yadi, mwanamke yule akimwuliza njia nzima. Mwenye yadi alikuwa amesimama langoni. Magogo yalikuwa matupu.

"Imeondoka," alisema. "Alikuja dereva mmoja, mjane kama wewe. Akaisikiliza, akalia sana. Akasema ni mke wake."

"Alielekea wapi? Ndugu yangu, alielekea wapi?"

Mtu yule alitazama barabara, pande zote mbili.

Dereva bado anaendesha. Daktari amejitolea kuitoa injini ile bure, lakini yeye hataki. Amtupe wapi mke wa watu? Kila lori kuukuu linapotokea mbele, springi zinalia, na sauti inauliza, "Ndiye?" Dereva anachungulia uso wa mwenzake anayepita. "Siye, mama," anasema.

Hilo ameshalizoea. Asiloweza kulizoea ni kuwaza kwamba mahali fulani, kwenye kabini ya mgeni, mke wake naye anauliza. Na yeye hajui kama mgeni huyo humwambia ukweli, au humjibu tu, "Ndiye mimi."