Kinyaa cha Kifaranga

Jua lilikuwa linazama Kifaranga alipotumwa kumwaga bedpani ya babu wa kitanda cha dirishani. Kazi yenyewe si ya kutoa jasho: unafunika lile beseni bapa kwa kitambaa, unashika korido mpaka mwisho, unamwaga, unaosha, unarudi. Lakini Kifaranga alitembea amelisogeza mbali na kifua, kichefuchefu kimemjaa.

Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa ndiye mhudumu mpya aliyekuja kuwasaidia wauguzi wodini. Nyumbani hakuna aliyetarajia amalize wiki. Huyu ni msichana aliyekuwa akiona unywele kwenye sabuni anasusa kuoga, leo eti akaoshe wagonjwa! Dada zake walicheka mpaka wakachoka. Mama yake peke yake ndiye aliyemwambia, "Nenda, mwanangu. Ikikushinda, rudi, mlango uko wazi." Naye akaapa moyoni kwamba mlango huo hataurudia kwa aibu.

Wodini kulikuwa na desturi. Mgeni akitapika mara ya kwanza, wenzake walimpigia makofi, wakamnunulia soda baridi, na tangu hapo akahesabiwa mwenyeji. Kaka Glavu, mhudumu wa siku nyingi ambaye hata chai angeinywa na glavu mkononi, alimuuliza kila zamu, "Vipi, mdogo wangu, bado hujatoa?" Kifaranga alidhani anachekwa. Kila kichefuchefu kilipopanda, alikirudisha chini na kutabasamu.

Jioni ile alikuwa ametoka kusaidia kumgeuza babu. Kidonda cha mgongoni, kile cha kulala muda mrefu, kilikuwa kimefunguka upana wa kiganja. Kingo nyeusi. Katikati usaha wa kijani, uliovutika na gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ilipobanduliwa. Harufu yake ilimwingia mpaka kwenye meno.

"Nisamehe, mjukuu wangu," babu alinong'ona, uso ameuelekeza ukutani. "Ninanuka."

Kifaranga alilifunika beseni, akatoka nalo. Angefungua mdomo, yangetoka mengine.

Basi akausukuma mlango wa chumba cha kumwagia uchafu kwa kiwiko. Taa ilikuwa haijawashwa.

Mtu alikuwa ananusa.

Taratibu... kwa pumzi ndefu, vile mwenye njaa anavyonusa akipita jikoni.

Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa aproni ya mtindo wa zamani. Kucha zake zilikuwa ndefu kuliko mhudumu yeyote anavyoruhusiwa.

"Samahani, mama. Sikujua kuna mtu."

"Kimekupanda," mwanamke alinong'ona.

Kifaranga aliitikia kwa kichwa. Kilikuwa kimeshafika mdomoni, cha moto, kichungu, na vipande vya mkate wa mchana.

"Usikitoe. Wakikuona watasema kazi huiwezi. Meza, mwanangu."

Akameza.

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo. Nililia papo hapo uliposimama. Usiogope, utawapita wote."

Tangu aanze kazi hakuna aliyemsemesha kwa upole namna ile. Machozi yalimlengalenga, masikini.

"Hicho kinyaa chako nipe mimi. Nikubebee."

"Chukua," Kifaranga alisema. Na wewe ungesema nini?

Mwanamke akainuka. Akampangusa midomo kwa kidole gumba, kutoka pembe mpaka pembe, kisha akakitia kile kidole kinywani mwake... akakinyonya.

Kifaranga alifumba macho. Alipoyafumbua, ndoo haikuwa na mtu. Beseni mikononi mwake lilikuwa tupu, jeupe, linang'aa, na lilikuwa na utelezi wa mate.

Bomba lilikuwa kavu.

Alikuwa na haki ya kupiga kelele, lakini alichokisikia ni nafuu. Koo lilikuwa limefunguka. Alirudi wodini akambadilisha babu shuka bila kukunja uso, na siku zilizofuata akawa anasafisha vidonda bila barakoa, huku akitabasamu na kuvuta pumzi ndefu. Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alianza kumtolea mfano kwa wengine.

Nyumbani ndiko kulikoharibika. Mkate ulimnukia mzoga. Maziwa ya moto aliyatema. Mama alimwekea mkono kwenye paji la uso, akamuuliza kama anaumwa, naye akasema ni uchovu tu. Alilala na njaa, na njaa hiyo ilimwamsha ikiwa na harufu ya gozi.

Jioni moja Kaka Glavu alimkuta chumba cha kumwagia, ameinamia pipa la gozi zilizotumika.

"Bado hujatoa?"

"Bado. Yule mama alinisaidia. Yule wa aproni ya zamani."

Kaka Glavu alivua glavu. Kifaranga hakuwahi kuviona vidole vyake.

"Humu hakuna mama yeyote," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla yako alikuja binti mwingine. Naye hakutapika. Tulimsifu, tena mimi nilikuwa wa kwanza. Siku moja nikafungua mlango huu nikamkuta amepiga magoti hapo penye pipa, kidevu kimelowa... Sikumuuliza. Aliondoka bila kuaga. Ndiyo maana nawauliza ninyi wageni kila siku."

"Sasa nifanye nini, kaka?"

"Tia kidole kooni. Tapika."

Alitia. Akasukuma mpaka machozi yakamtoka. Hakikuja kitu. Tumbo lilinguruma tu, na mate yakamjaa.

"Basi nenda kwa Sista," Kaka Glavu alisema. "Mwambie kazi imekushinda. Rudi kwa mama yako leo hii, na aibu yako. Usimguse tena mgonjwa."

Alikwenda. Kusema kweli, alikwenda akiwa amekata shauri, na maneno ameyapanga. Lakini Sista alimwona tangu mbali, akainuka kwenye kiti.

"Nilikuwa nakutafuta. Umepita majaribio, binti yangu. Sijawahi kupata mhudumu mwenye moyo wako. Kuanzia leo, vidonda vyote vya wodi hii ni vyako."

Maneno hayo ndiyo aliyoyaota tangu atoke kwao. Alifungua mdomo aseme kazi imemshinda. Mate yalikuwa mengi mno.

Akayameza.

"Asante, Sista."

Kwenye kitanda cha dirishani, babu alikuwa amevuta shuka mpaka kidevuni.

"Sista," aliita kwa sauti ndogo. "Si huyu. Nipeni yeyote mwingine... nipeni anayetapika."

Sista akacheka, akasema wazee wana vituko. Kifaranga alisukuma kitoroli cha dawa mpaka dirishani, akalizungusha pazia pande zote za kitanda, na kwa mkono wa upole akamgeuza babu upande.