Kipande cha Reli Ndani ya Mlima

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Sisimizi alichukua ufagio na ufunguo wa stoo ya zamani ya shule. Jina hilo msichana huyu alipewa na baba yake tangu utotoni, kwa sababu hakujua kukaa kitako. Ukimtafuta hapa, yuko kule, na akiwa kule mkono wake tayari umeshika kitu kisichomhusu. Jina likamfuata hadi shuleni, na hata walimu wakamwita hivyo hivyo.

Kufagia stoo ilikuwa zamu yake, wala hakuilalamikia. Katikati ya stoo ilikuwapo meza ndefu, na juu ya meza ilikuwapo treni. Ilikuwa treni ndogo, behewa lake halizidi urefu wa kiganja, lakini haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa na kichwa chenye taa, stesheni ya mbao, daraja, na mwishoni kabisa mlima mkubwa uliotengenezwa na wanafunzi wa darasa la sita kwa maboksi na karatasi zilizolowekwa kwenye gundi. Reli ilianzia stesheni, ikapita darajani, ikaingia ndani ya mlima na kuishia humo. Treni ikifika mlimani, mwendeshaji aligeuza swichi, nayo ikarudi kinyumenyume hadi ilikotoka.

Mwalimu wa sayansi, mama mmoja mrefu asiyepaza sauti, alikuwa amewaeleza mara nyingi jinsi inavyotembea.

"Tazameni, reli ni mbili. Hii ya kushoto inaleta umeme, hii ya kulia inaurudisha. Magurudumu yanakanyaga zote mbili, umeme unapita kwenye mota, mota inazunguka. Lakini reli hizi ni kama majirani waliogombana. Waishi bega kwa bega, ila wasigusane! Zikigusana, umeme unapita njia ya mkato bila kufika kwenye mota. Hiyo ndiyo shoti. Mtaona taa nyekundu ya kisanduku inawaka, na kila kitu kinazimika."

Kisanduku hicho ndicho kilichopunguza umeme wa ukutani mpaka usiweze kumdhuru mtu. Kila jioni mwalimu alikifungia kabatini mwake.

Kazi ya waya ilikuwa ya Koleo. Mvulana huyu alikuwa rafiki wa Sisimizi tangu darasa la kwanza, naye aliitwa hivyo kwa sababu ya koleo dogo ambalo halikutoka mfukoni mwake. Alifanya kazi taratibu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Waya nyekundu alizipeleka kwenye reli ya kushoto, nyeusi kwenye ya kulia. Kila ungio alililehemu, akalipuliza, kisha akalivuta kidogo aone kama limeshika. Siku ya wazazi yeye ndiye angeendesha treni mbele ya wageni. Mama yake, mpishi wa hospitali, alikuwa ameshabadilishana zamu na mwenzake ili aje kumwona.

Jambo moja tu lilimkera Sisimizi, nalo ni treni kurudi kinyumenyume.

"Inatembea kama kaa," alimwambia Koleo. "Wageni watatucheka."

"Wacheke tu. Kaa naye anafika."

Alasiri moja, karibu na siku ya wazazi, Sisimizi alikuwa akifagia chini ya meza ufagio ulipogonga boksi la vipande vya reli vilivyobaki. Akachungulia. Vilikuwamo vipande vingi vya kupinda, na kimoja cha njia panda, kile kinachoiwezesha treni kuacha njia moja na kushika nyingine. Wazo likamjia hapo hapo, na Sisimizi akipata wazo hana simile.

Aliuinua mlima, ukanyanyuka wote kama kikapu. Akaunga ile njia panda mwisho wa reli, kisha akaunga vipande vya kupinda mpaka vikafanya duara linalorudi kwenye njia panda ile ile. Sasa treni ingeingia mlimani, izunguke gizani, halafu itoke uso mbele kama mtu anayetoka nyumbani kwake! Akaurudisha mlima mahali pake na kucheka peke yake, akiwaona akilini wageni watakavyoachama midomo. Hakuweza kujaribu, kwa kuwa kisanduku kilikuwa kabatini. Hakumwambia mtu yeyote pia. Ukishamwambia mtu, alijisemea, mshangao uko wapi?

Kesho yake asubuhi Koleo aliwahi shuleni akaunga waya za taa mbili za stesheni. Wakati wa mapumziko darasa zima likajaa stoo, mwalimu akaleta kisanduku, akawasha.

Taa nyekundu ikawaka. Treni haikutikisika.

"Shoti," alisema mwalimu. Akazima, akawasha tena. Nyekundu. "Jana asubuhi ilikuwa inatembea vizuri. Nani amegusa waya tangu jana?"

Koleo akanyoosha mkono. "Mimi, Mwalimu. Nimeweka taa."

"Mwingine?"

Sisimizi akalikumbuka duara lake mlimani. Lakini mbona yeye hakugusa waya? Aliongeza reli tu, na reli si waya.

"Mimi sijagusa waya hata moja," akasema, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotegemea.

Mwalimu alizifungua waya za taa, akawasha tena. Bado nyekundu. Akainama kuchungulia chini ya meza, ambako waya za Koleo zilipita zikiwa zimefungwa vizuri kama nywele zilizosukwa.

"Basi liko ungio huku linalogusa pasipotakiwa."

"Fundi wa giza!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Nyamazeni. Koleo, kagua maungio yako yote, leo na kesho asubuhi. Lakini kesho wageni wakija, mwendeshaji atakuwa Sisimizi. Wewe una wasiwasi sasa, na mtu mwenye wasiwasi hawezi kusimama mbele ya wazazi."

"Sawa, Mwalimu," Koleo alijibu, macho yake kwenye viatu vyake.

Sisimizi akageuka, akawa wa kwanza kutoka stoo.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Baba yake alikuwa kinyozi, na chumba chake cha kazi kilitazamana na barabara, kwa hiyo hakuna neno lililopita mtaani bila kuingia humo kwanza.

"Kaa vizuri, bwana," Sisimizi alimsikia baba akimwambia mteja. "Unayenyolewa naye leo ni baba wa dereva wa treni."

"Basi usininyoe kwa mwendo wa treni," mteja akajibu, wakacheka wote wawili.

Sisimizi hakucheka. Mezani alikoroga chakula chake mpaka kikapoa. Mama akamgusa paji la uso.

"Una homa?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Asubuhi ya siku ya wazazi alimkuta Koleo amelala chali chini ya meza ya treni. Waya nyingi zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa upya, na kidole chake kimoja kimefungwa kitambaa.

"Umefanya nini?"

"Chuma cha kulehemu kimenichoma. Si kitu." Alitoka chini ya meza, akawasha kisanduku alichokuwa ameachiwa na mwalimu. Taa nyekundu ikawatazama. "Umeona? Nimeyafungua karibu yote. Sioni kosa, na kosa lipo. Labda kazi hii si yangu, Sisimizi. Mama nimemwambia asije, abaki tu kazini."

"Akasemaje?"

"Amesema atakuja hata kama ni kuniona nimesimama tu." Akazima kisanduku, akaliunga upya ungio la mwisho lililobaki, akatoka kwenda bombani kulowesha kidole.

Sisimizi akabaki peke yake. Aliuinua mlima, akaweka kidole juu ya reli ya kushoto, ile inayoleta umeme, akaanza kuifuata polepole. Kidole kikapita njia panda, kikaingia kwenye duara, kikazunguka, kikazunguka, kikarudi njia panda. Hapo kikasimama. Kilikuwa juu ya reli ya kulia!

Akarudia tena. Ikawa vile vile. Reli iliyoondoka kushoto ilizunguka na kurudi kulia, ikagusana na mwenzake uso kwa uso. Majirani wale walikuwa wamekutanishwa, tena na yeye mwenyewe.

Akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Haraka haraka akafungua njia panda na vipande vyote vya kupinda, akavitia kwenye mkoba wake, akarudisha reli kama ilivyokuwa, na mlima juu yake. Akawasha. Taa nyekundu haikuwaka. Treni ikatikisika, ikaondoka stesheni, magurudumu yakiimba.

Koleo akasikia sauti ile akiwa mlangoni. Akaingia mbio, kidole kikidondosha maji.

"Inatembea! Inatembea!" Akarukaruka, akamshika Sisimizi mabega akamtikisa. "Ni lile ungio la mwisho! Nililiunga sasa hivi. Nilijua tu, lilikuwa baya!"

Mwalimu naye akaingia, akasimama kutazama treni ikipita darajani. Koleo akaacha kuruka.

"Mwalimu, kumbe kosa lilikuwa langu kweli," akasema. "Niliunga vibaya. Naomba unisamehe kwa kuwapotezea muda."

Sisimizi alitamani sakafu imfunike. Treni ilikuwa inatembea, wageni wangekuja na kufurahi, na hakuna ambaye angeuliza tena. Ilikuwa imebaki kunyamaza tu. Lakini alikitazama kile kidole kilichofungwa kitambaa, na kunyamaza kukamshinda.

"Si lake," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Si kosa lake, Mwalimu. Ni langu."

Alifungua mkoba, akavimimina vile vipande mezani. Akaeleza yote, tangu boksi chini ya meza hadi kidole chake kilipotokea upande wa pili.  Treni ilikuwa imefika mlimani, ikasimama humo.

"Ulijua jana?" Koleo aliuliza.

"Jana nilihisi. Leo ndiyo nimejua."

"Nimechoma kidole bure," Koleo akasema, akageuka, akaanza kukusanya vipande vya waya alivyovikata. Hakumtazama tena.

Mwalimu alivuta kiti akakaa. "Jana niliuliza nani amegusa waya. Ukajibu hujagusa waya."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kila neno ulilosema lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa kwenye lile ulilobakiza. Mimi na Koleo tumetafuta kosa mahali ambapo halikuwapo, kwa sababu wewe peke yako ulijua pa kutazama." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Na mimi pia nimekosea. Nilimwondoa Koleo kazini kabla sijajua hitilafu iko wapi. Koleo, nisamehe. Leo utaendesha treni wewe, na wewe, Sisimizi, utawaeleza wageni kwa nini treni yetu inarudi kinyumenyume."

"Niwaeleze yote?"

"Yote."

Alasiri stoo ilijaa wazazi mpaka wengine wakasimama nje ya madirisha. Mama yake Koleo alikuja moja kwa moja kutoka jikoni, aproni bado iko kiunoni, akapenya hadi mbele. Koleo akageuza swichi. Taa za stesheni zikawaka, treni ikavuka daraja, ikamezwa na mlima, kisha ikarudi. Watu wakapiga makofi, na yule mama akapiga kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mbona inarudi mgongo mbele?" mtoto mmoja mdogo akauliza kwa sauti kubwa, na watu wakacheka.

Mwalimu akamtazama Sisimizi. Baba yake alikuwa kwenye kundi lile, shati lake jeupe limepigwa pasi.  Sisimizi alionyesha reli mbili, akaunga duara lake pembeni mwa meza, akalifuata kwa kidole ili kila mtu aone linavyogeuza kushoto kuwa kulia. Kisha akasema nani aliyeliweka mlimani, nani aliyenyamaza, na nani aliyelaumiwa. Hakupigiwa makofi. Lakini mama yake Koleo alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akaweka mkono juu ya bega la mwanawe.

Wageni walipopungua, Koleo alimsogelea.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Ila wazo lako si baya. Mwalimu anasema duara lile linaweza kutengwa na reli nyingine, liwe na waya zake na swichi yake. Tukimaliza mitihani tutalijaribu. Lakini uniambie kabla hujagusa kitu."

"Nitakuambia hata nikipiga chafya karibu yake."

Koleo akajizuia kucheka, akashindwa.

Sisimizi na baba yake waliondoka pamoja. Walipita maduka kadhaa, baba akiwaitikia salamu wateja wake.

"Baba, umeona aibu?"

"Ulipoanza kusema, ndiyo. Nilitazama chini. Jana nzima nimejisifu kwa kila aliyekaa kwenye kiti changu." Baba akapunguza mwendo. "Halafu nikamtazama yule mama wa hospitali. Nikawaza, binti yangu angenyamaza, mama yule angerudi nyumbani akiamini mtoto wake hajui kazi. Naye mtoto angeamini hivyo hivyo, pengine maisha yake yote."

"Nilifikiri nikilitoa duara tu yatakwisha."

"Kwenye meza yalikwisha. Kwa Koleo hayakwisha. Kila mtu hukosea, mwanangu. Mimi nimeshawahi kumnyoa mtu upande mmoja nikapitiliza, ikabidi tuondoe zote. Kosa ukilitaja linatengenezeka. Ukilifunika, mwenzako ndiye anayelibeba, na hajui hata amebebeshwa nini. Kwa hiyo ukikosea, sema. Na useme lote, si ile nusu isiyokuuma."